Pembetatu Huzaliwa Ndani ya Mraba

Miraba humpa mtu kiburi. Unakata vipande vya inchi nne kwa nne, unaunganisha viwili viwili, unapiga pasi, na kufikia jioni shuka la viraka la mtoto limekwisha. Mshono ukipinda kidogo, hakuna anayeona. Kisha unakutana na picha ya mfarishi, yaani shuka la viraka, wenye nyota za ncha nane, unajiambia kwani hii nayo si miraba na pembetatu tu? Unachora pembetatu kwenye kitenge, unakata, unashona, na kinachotoka kwenye cherehani kimejikunja kama ng'onda aliyeanikwa juani: katikati kimetuna, kingo zinayumba, na ncha za nyota zimemezwa na mshono.

Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa limo katika namna kitambaa kilivyofumwa. Kuna nyuzi za mtande zinazokwenda kwa urefu, na za mshindio zinazokatiza kwa upana. Chukua kibaki cha kitenge kisichozidi kiganja. Kivute kwa urefu: hakirefuki. Kivute kwa upana: kinarefuka kidogo sana. Sasa kishike pembe kwa pembe ukivute mshazari. Kinarefuka kama mpira, na ukikiachia hakirudi sawasawa kilikokuwa. Mraba uliokatwa kwa kufuata uzi una kingo nne tulivu. Ukiukata kutoka pembe hadi pembe, kila pembetatu inapata upande mrefu ulio mshazari mtupu, na upande huohuo ndio unaopita kwanza chini ya sindano. Meno ya cherehani yanauvuta, vidole vinauvuta, halafu pasi inakuja kumalizia.

Ndiyo maana nashikilia jambo moja: usikate pembetatu. Kata miraba, ishone ikiwa bado miraba, ndipo uikate. Mshono ukishapita kando ya mshazari, umeufunga, hauna tena pa kwenda.

Kwa mraba wenye pembetatu mbili, namna yake ni hii. Chukua miraba miwili ya rangi tofauti, iweke uso kwa uso. Nyuma ya ule wenye rangi nyepesi chora mstari wa chaki iliyochongwa vizuri au penseli, kutoka pembe hadi pembe. Shona robo inchi upande huu wa mstari, kisha robo inchi upande wa pili. Kata juu ya mstari. Fungua. Umepata miraba miwili, kila mmoja una pembetatu mbili, na hukugusa mshazari ulio uchi hata mara moja.

Ukubwa wa kukata ndio unaowatoa watu jasho. Ukitaka mraba utakaobaki inchi 3 baada ya kushonwa pande zote, kata inchi 3 7/8. Hiyo 7/8 huonekana kama namba iliyookotwa njiani, lakini ina hesabu yake. Mraba wa kawaida unaongezewa nusu inchi, robo kila upande, kwa ajili ya mshono. Pembetatu ina mshono wa tatu, ule wa mshazari, na kwenye ncha kali mshono huo unakula zaidi ya robo. Unakula robo mara 2.41, yaani karibu 0.60. Jumlisha na robo ya upande ulionyooka unapata 0.85. Tepu ya fundi haina 0.85, kwa hiyo watu wakapanda hadi alama iliyo karibu, 7/8. Mraba ukigawanywa pembetatu nne badala ya mbili, kama kwenye nyota ya Ohio, nyongeza ni 1.21, nayo hupandishwa hadi 1 1/4. Anayepima kwa sentimita azidishe nafasi yake ya mshono kwa 3.41 au kwa 4.83. Mshono wa 0.75 unatoa takriban 2.56 na 3.62. Usichanganye inchi na sentimita ndani ya bloku moja, yaani kipande kizima cha mchoro mmoja, hata kama tepu ina vyote viwili, mmoja mbele na mwingine nyuma.

Mimi hupendelea kukata inchi 4 kamili badala ya 3 7/8, kisha kupunguza. Ni upotevu mdogo unaonunua amani kubwa. Cha kupunguzia si lazima kiwe rula ya dukani. Filamu kuukuu ya eksirei inatosha: kata mraba wa inchi 3 1/2 kamili, ukwaruze mstari wa pembe hadi pembe kwa ncha ya sindano, uupake wino. Uweke juu ya kipande ulichoshona, mstari ukae juu ya mshono, kisha kata kinachochungulia pande nne. Kadibodi ya boksi nayo inafaa kwa vipande kumi hivi, baada ya hapo kingo zake zinalika na kila mraba unaofuata unazidi kupungua bila wewe kujua.

Kuna njia ya mkato inayozunguka sana mtandaoni: miraba miwili uso kwa uso, unashona ukingo wote kuzunguka, unakata msalaba kutoka pembe hadi pembe, na vinatoka vipande vinne kwa mpigo. Ni ya haraka kweli. Lakini tazama kingo za nje za vile vipande vinne: zote ni mshazari. Ugonjwa uliokuwa ndani umeuhamishia nje, na utakusumbua kila unapounganisha. Ukitaka vingi kwa pamoja, kata miraba mikubwa ya inchi 7 3/4, chora mistari miwili ya pembe hadi pembe, shona robo inchi pande zote mbili za kila mstari, kisha kata wima, kata mlalo, na kata juu ya mistari. Vinatoka vinane, na kingo zake za nje zimefuata uzi.

Robo inchi ya mkononi

Mguu wa cherehani hausemi kweli. Kwenye cherehani nyingi za pedeli, umbali kutoka sindano hadi ukingo wa mguu si robo inchi, na kila mguu una chake. Chora mstari kwenye karatasi, robo inchi kamili kutoka ukingoni, shusha sindano kwa gurudumu mpaka itoboe mstari, kisha bandika tepu nene ya karatasi kwenye bamba, ikigusa ukingo wa karatasi yako. Huo ndio ukuta wa kitambaa. Usiitupe cherehani ya zamani kwa sababu tu haijui zigizaga. Ile yenye tundu moja dogo la duara kwenye bamba ndiyo bora kwa kazi hii, maana tundu pana la zigizaga linameza pembe za vipande. Hata hivyo anzia mshono kwenye kibaki kidogo, na vipande vifuate kimoja baada ya kingine bila kukata uzi katikati, kama mnyororo. Sindano namba 11 au 12, mishono 10 hadi 12 kwa inchi.

Sasa pima. Kata kanda tatu za upana wa inchi 1 1/2, urefu wa inchi 6. Ziunganishe kwa urefu, piga pasi, pima ukanda wa katikati. Ukiwa inchi 1 kamili, endelea. Ukipungua, mshono wako ni mpana. Karibu kila mtu hupungukiwa mara ya kwanza, hata aliyeshona robo inchi halisi, kwa sababu kitambaa kikilazwa kwa pasi kinapoteza unene wa uzi mmoja au miwili kwenye mkunjo. Isogeze tepu upande wa sindano kwa upana wa uzi, ujaribu tena. Robo inchi ya mfarishi ni robo iliyobaniwa.

Ukiona ni ubishi mtupu, hesabu: mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi, unakula 1/16 kwa kila kipande, yaani 1/8 kwa mshono mmoja. Safu ya bloku ya nyota ina mishono miwili iliyosimama, tayari robo inchi imekwenda. Bloku tano kwa upana, inchi 1 1/4. Na hapo bado mishono ya mshazari haijahesabiwa.

Kitambaa

Kwa mandhari ya nyota, yaani sehemu inayoizunguka, chagua marekani. Jina lenyewe lina historia. Nguo hii ya pamba isiyopaushwa ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1833 Sayyid Said na Marekani walitiliana saini mkataba wa biashara. Viwanda vya huko vilipokwama wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, nguo za kutoka kwingine zikachukua nafasi, lakini jina likabaki. Kwa hiyo nyota ya mifarishi ya Marekani juu ya kitambaa cha marekani si jambo la ajabu hata kidogo. Na kuunga miraba si ugeni pwani: masimulizi ya asili ya leso yanasema akina mama walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa bado havijakatwa kwenye jora, wakaviunga vitatu juu, vitatu chini, ikawa nguo moja. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na maana yake ndiyo hiyo, kitambaa cha mkononi.

Sababu halisi ya marekani, hata hivyo, ni kwamba haina upande wa juu wala wa chini. Ukiigeuza ni ileile. Kitenge chenye ndege waliosimama kitakupa ndege mmoja amesimama, mmoja amelala, wawili wako kichwa chini. Kitenge cha nta kina nafuu moja, rangi imepenya pande zote mbili, hivyo ukikosea uso na mgongo hakuna hasara. Khanga imechapwa upande mmoja tu kwa nguvu, na ina maandishi. Usipitishe mkasi kwenye jina la khanga bila kusoma kwanza. Methali ikikatwa katikati inaweza kuwa tusi, na mgeni atakayelala chini ya shuka hilo atalisoma.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kionekane kizito. Ukitoka, kitambaa kinarudi, na marekani hurudi zaidi. Vitambaa viwili vinavyorudi kwa viwango tofauti vikishonwa pamoja, kufua kwa kwanza kutakunja nyota yote. Jaribu na rangi: lowesha kona ya kitenge chekundu au cha buluu iliyokolea, ikandamize kwa pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha alama, fua tena mpaka iache kutoa. Vibaki vya mfuko wa fundi hupimwa kwa moto. Chomoa uzi, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Poliesta weka kando, haitakaa pamoja na pamba chini ya pasi ya moto.

Baada ya kukausha, rudisha wanga, safari hii wa kwako. Kijiko kimoja cha chakula cha unga laini wa muhogo, koroga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka iwe uji mwepesi usio na madonge. Uchuje, chovya, kamua, anika, piga pasi kikiwa na unyevu. Kitambaa kilichokaza namna hii hakinyumbuki ovyo kwenye mshazari.

Nyota yenyewe

Bloku ya inchi 12 inafaa kuliko ndogo, kwa sababu maua ya kitenge ni makubwa na katikati ya inchi 6 yanaonekana. Wamarekani huiita nyota ya meno ya msumeno. Kwa kila nyota kata, katika kitenge, mraba mmoja wa inchi 6 1/2 wa katikati na miraba minne ya 3 7/8 ya ncha. Katika marekani kata mraba mmoja wa 7 1/4 na minne ya 3 1/2 ya pembeni. Basi. Hakuna pembetatu mezani. Kwa shuka la nyota 30, tano kwa sita, yaani inchi 60 kwa 72, marekani ya upana wa inchi 44 inatosha yadi 2 1/2, na akiba kidogo ya makosa imo humo.

Ncha hutoka kwa vipande ambavyo huko kwao vinaitwa bata bukini warukao, nami nitasema bata tu. Laza mraba wa marekani wa 7 1/4. Weka juu yake miraba miwili ya kitenge ya 3 7/8, uso kwa uso, mmoja kwenye pembe hii, mwingine kwenye pembe inayoikabili. Itapandana katikati kwa nusu inchi. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Chora mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe ukipita juu ya yote miwili. Shona robo inchi huku na huku, kata juu ya mstari. Sasa una vipande viwili. Pindua kitenge nje kwa pasi, na kila kimoja kitakuwa na umbo kama kichwa cha sungura, masikio mawili yamesimama. Weka mraba mmoja wa kitenge uliobaki kwenye ile pembe ya marekani iliyo wazi, chini ya masikio. Mstari uanzie kwenye pembe hiyo na kuishia katikati ya masikio. Shona huku na huku, kata, pindua. Fanya hivyo kwa kichwa cha pili. Umepata bata wanne kutoka mraba mmoja, bila mabaki yoyote zaidi ya vijipembe.

Kila bata apunguzwe hadi 3 1/2 kwa 6 1/2, na hapa ndipo nyota hupona au hufa. Ile ncha ya marekani iliyo juu isiguse ukingo. Lazima ibaki robo inchi kamili kati yake na ukingo, maana robo hiyo italiwa na mshono unaofuata. Anayepunguza kwa macho huikata ncha ikae juu kabisa, inapendeza mezani, halafu ikishonwa inakuwa butu kama penseli iliyovunjika. Chini, mishono miwili ya mshazari ifike karibu kabisa na pembe mbili.

Bata akitoka mfupi, tuseme 6 3/8, usimvute afike. Mraba wa katikati ni kipande kizima kisicho na mshono, hivyo haupungui kamwe. Bata ana mishono miwili ya mshazari na ndiye anayelipa kila deni la mshono mpana. Ukivilazimisha vilingane, katikati itatuna, na pasi haitaiua. Fumua kwa wembe, ukikata mshono mmoja katika kila mitatu upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili. Kuburuta kipande ili kitatuke ndiko kunakoharibu mshazari.

Na pasi ikandamize, isiburutwe. Inua, shusha, inua. Kwanza juu ya mshono ukiwa bado umefungwa ili uzi uzame kwenye kitambaa, kisha fungua na ukandamize, mshono ukielekea kwenye kitenge. Anayetumia pasi ya mkaa afute kitako chake kwanza kwenye tambara. Marekani haifichi masizi.

Panga sasa safu tatu: pembeni, bata, pembeni; kisha bata, katikati, bata; kisha kama ya kwanza. Ncha za bata zote zielekee katikati. Safu ya juu na ya chini, mishono ilazwe kuelekea miraba ya pembeni. Ya kati ilazwe kuelekea katikati. Zikikutanishwa, mkunjo mmoja unakwenda kulia na mwingine kushoto, zinabanana zenyewe na kidole kinahisi pale zinapokaa. Unapounganisha safu, mgongo wa bata uwe juu unapoutazama. Utaona mishono miwili ya mshazari imekatiza kama herufi X. Sindano ipite juu ya kiini cha X hiyo, au uzi mmoja upande wa ukingo, usizidi. Ikipita ndani ya X, ncha imekatwa. Mshono huu ulazwe kuelekea katikati, kwa sababu nyuma ya ncha kuna tabaka nyingi tayari.

Pima: inchi 12 1/2 kila upande, 12 kamili ikishaungwa na jirani. Ikiwa 12 3/8 pande zote, na zote 30 ziko hivyo, acha, utashona shuka dogo kidogo na hakuna atakayekuuliza. Balaa ni pale moja ina 12 3/8 na nyingine 12 5/8. Ya kubwa usiikate ukingoni, maana ncha nane za nyota zinaishia robo inchi tu kutoka hapo. Weka ukanda wa marekani wa inchi 2 1/2 kati ya bloku na bloku; ukanda unameza tofauti ndogo, na ncha za nyota mbili hazilazimiki kukutana.

Asiyetaka hesabu hizi zote anayo njia nyingine, nayo si ya kudharauliwa. Wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari hii yetu, hushona mifarishi yao iitwayo kawandi kwa mkono, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kikikunjwa ukingo na kushonewa moja kwa moja kwenye bitana. Hawapimi 7/8 ya kitu. Pembeni wanaweka vijipembetatu vya kitambaa kilichokunjwa, wanavyoviita maua.

Vile vijipembe vinavyochomoza kwenye bata vikatwe kimoja kimoja, vinginevyo vitaonekana kama vivuli vyeusi chini ya marekani. Vikusanye kwenye kopo. Nyota 30 zina bata 120, na vijipembe vyake vinajaza mto wa sindano vizuri.